Fremu ya Baiskeli

Sijawahi kuonana na Cyrus Kabiru wa Nairobi, lakini nusura aniponze hapahapa Hamugembe.

Jamaa alizaliwa 1984, akakua akitazama jalala. Utotoni alitamani miwani, baba yake akamwambia ajitengenezee. Akajitengenezea kweli! Anaokota nyaya, vizibo vya soda, vijiko, anaunda miwani ya ajabu ambayo imeshaonyeshwa hadi Ulaya na Marekani. Ametengeneza pia sanamu za zile baiskeli nyeusi nzito ambazo Wakenya huziita Black Mamba. Sisi Bukoba tunazijua kwa kazi: mikungu ya ndizi imefungwa nyuma, mwenyewe anasukuma kupanda mlima, jasho linamtoka.

Basi, tetemeko la 10 Septemba 2016 lilitukuta Jumamosi mchana. Watu 17 walikufa mkoani kwetu, kuta zikalala. Wiki kadhaa baadaye, kwenye kifusi jirani, nikaona fremu ya baiskeli imepindika, keria bado ipo. Mimi nikaona ndege: usukani mdomo, keria mkia. Nikaibeba. Nilijiona Kabiru wa Bukoba, bwana wee!

Siku ya tatu nimeshapiga msasa nusu, akaja bibi mwenye kile kifusi. Nikamwamkia, akaitikia. Hakufoka. Aliinama tu, akashika bomba la juu kama anayepapasa shingo ya ng'ombe.

"Hii ilikuwa ya mzee. Ndiyo iliyosomesha watoto."

Nikajitetea eti niliikuta imetupwa.

"Ukuta ndio ulioitupa, mjukuu wangu. Mimi sijaitupa."

Niliona aibu, si kidogo. Habari zote nilizosoma za wasanii wa vyuma chakavu zilisifu jicho la mwokotaji. Sikuwahi kujiuliza kitu kilitoka mikononi mwa nani. Nikamwambia nairudisha sasa hivi. Akacheka kidogo: airudishe wapi, wakati hana hata ukuta wa kuiegemeza? Aliomba jambo moja tu, nisikate ule mpira wa kufungia mikungu, uliokuwa bado umezungushwa kwenye keria. Fundo lile alilifunga mzee mwenyewe.

Mkia wa ndege wangu ukafia hapo. Fremu niliisimamisha uani kama ilivyo, nusu msasa, nusu kutu. Mshikaji mmoja alitaka kuinunua, nikamwambia akamuulize bibi kwanza. Hakwenda.

Bibi hupita Jumapili akitoka kanisani. Anakagua fundo, anaaga, anakwenda zake.