Mafuta Mazito juu ya Mashini



Sisi wa darasa la sita tunakaribia Egzameni ya Serikali. Wengi kati yetu wanasema watakuwa maenjenyere. Ukiwauliza juu ya nini, utasikia mambo ya biro, gari na kravati. Basi tumeona vema kuwakumbusha habari ya meli moja ya ziwa letu.

Jina lake la kwanza ni Graf von Götzen. Ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa mpaka Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916 vita vilipokaribia, wakubwa waliamuru izamishwe. Maenjenyere walitii, lakini kwanza walizipaka mashini mafuta mazito, zisiliwe na kutu. Waingereza walipoiinua mwaka 1924, kumbe mashini zilikuwa bado nzuri! Mwaka 1927 ilianza tena safari, jina lake Liemba. Mwaka 1997 ilirudisha wakimbizi wa kwetu Kongo, na mwaka 2015 ikachukua Warundi kutoka Kagunga mpaka Kigoma. Wale waliopaka mafuta hawakuyaona hayo.

Ndiyo sababu tunawaambia, ninyi mnaopenda kazi hii:

Kwanza, fanya vema hata pale hakuna mtu atakayeona. Andika katika daftari kila ulichotengeneza, ili anayekuja nyuma yako asianze kubahatisha.

Pili, usidharau mikono michafu. Fundi mzee, hata kama hana diplome, anasikia moteri inapougua mbele haijasimama. Mwambie: "Baba, nionyeshe." Hautapungukiwa kitu.

Tatu, si kila amri ni ya kutii. Mkubwa akisema upunguze simenti ya daraja, umjibu kwa heshima: "Shefu, hii haitasimama." Pengine utafukuzwa, na nyumbani wanangojea mshahara wako, tunajua ni neno gumu. Lakini sisi wa Uvira tuliona Aprili 2020, mito ilipofurika, Mulongwe ndani yake: nyumba maelfu zilibomoka na watu wakafa. Maji hayaulizi nani alikuamuru.

Someni Luka 14, habari ya yule wa mnara. Wadogo zetu, anzeni kuhesabu gharama sasa, katika hesabu na fizike, si siku ya kupewa diplome.