Barua kutoka Ughaibuni: Mlimani au Morogoro?

Mhitimu wa kidato cha sita wa Mpanda, mkoani Katavi, aliyefaulu vizuri PCB (fizikia, kemia na biolojia) huweza kujikuta anachagua kati ya vyuo viwili: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, cha Morogoro. Vyuo hivi ni ndugu wa damu. Mlimani kilianza mwaka 1961 na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 1970. Kitivo chake cha kilimo kilichokuwa Morogoro ndicho kilichogeuzwa kuwa SUA mwaka 1984.

Ukubwa wa jina ndio unaoamua katika familia nyingi, na hapo ndipo mtoto anapoumizwa. Kinachopaswa kutazamwa kwanza ni programu. Mlimani kuna shahada ya Biolojia ya Molekuli na Bioteknolojia. SUA kuna Bioteknolojia na Sayansi za Maabara. Kwa majina ni kama kitu kimoja. Lakini ya Mlimani imekaa katika ndaki moja na kemia, fizikia na hisabati, wakati ya SUA imekaa pamoja na tiba ya mifugo, karibu na damu ya ng'ombe, vimelea na magonjwa yanayotoka kwa wanyama kwenda kwa binadamu. Kwa kijana aliyekulia Katavi, ambako mifugo na nyati wa hifadhi ni majirani, tofauti hiyo si ndogo. Orodha ya kozi za kila mwaka, saa za maabara, na idadi ya wanafunzi wanaogawana hadubini moja: hayo huulizwa kwa wanaosoma pale sasa, kabla ya kuomba.

Hapa Uskoti shahada ya sayansi ni miaka 4, na mwanafunzi wa Glasgow anaweza kuanza na masomo mawili au matatu, akaamua baadaye. Tanzania programu nyingi za sayansi ni miaka 3, na iliyojazwa kwenye maombi ndiyo inayosomwa. Kuhama kupo, ila ni kwa shida. Baadaye, anayeomba shahada ya uzamili huku Uskoti hutakiwa kuonyesha transkripti na barua za walimu wanaomfahamu. GPA ya 3.5 kwenda juu hufungua milango mingi, iwe imetoka Mlimani au Morogoro.

Fedha nazo zina neno. Mkopo wa chakula na malazi hauongezeki kwa kuwa mwanafunzi yuko Dar es Salaam, ambako chumba cha kupanga ni ghali kuliko Morogoro. Na kwa anayetoka Mpanda kwa njia ya reli kupitia Kaliua na Tabora, Morogoro hufikiwa kabla ya Dar es Salaam.

Wapo pia wasiohitaji kusafiri mbali. SUA ina kampasi ya Mizengo Pinda huko Mpimbwe, ndani ya Katavi, inayofundisha shahada ya usimamizi wa rasilimali za nyuki. Katika mkoa wenye misitu ya miombo na wafuga nyuki wengi, kuidharau kwa sababu iko nyumbani ni kosa.

Aliyechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja hutumiwa namba ya siri kwa simu, na lazima athibitishe chuo kimoja ndani ya muda uliotangazwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU.