Kupanda Soni kwa Volti 6

Mjomba wangu alikuwa bwana shamba. Alipostaafu akarudi kwao Lushoto, na pikipiki yake ya kazi ikabaki Tanga chini ya mwembe, ikila kutu. Kisha siku moja akapiga simu: "Mpwa wangu, niletee chuma changu." Nilikuwa nimezoea kuendesha mitaa ya Ngamiani na kurudi nyumbani. Safari ya Muheza, Segera, Korogwe na Mombo, halafu mlima wa Usambara, sikuwahi kuifanya kwa magurudumu mawili.

Chuma chenyewe ni Honda CG125 ya zamani, ile ya volti 6. Ilianza kutoka mwaka 1976, na walioibuni walijua inakwenda nchi ambazo oili hubadilishwa mtu akikumbuka. Vali zake zinasukumwa na fimbo, haina cheni ya kamu ya kulegea. Ndiyo maana nyingine bado zinatembea. Lakini hata injini ya namna hiyo ukiiweka chini ya mwembe mvua kadhaa, itakudai.

Deni la kwanza nilililipa kabla ya kuondoka. Petroli iliyokaa ndani ya kabureta hugeuka utando wa kunata kama vanishi, na tundu la jeti ndogo ni jembamba kuliko sindano ya kushonea. Nilimwaga mafuta yote, nikafungua bakuli la kabureta, nikatoa jeti na kuipuliza kwa pampu ya baiskeli. Wapo wanaozibua kwa waya. Waya unapanua tundu, na tangu hapo pikipiki inakunywa mafuta kama daladala.

Nilipovuka Muheza, mahali ambapo machungwa yamepangwa mafungu kando ya lami, injini ikaanza kukata pumzi kisha ikazima. Nikapumzika, nikala chungwa, nikapiga kiki: ikawaka. Mbele kidogo ikazima tena. Hitilafu inayoondoka yenyewe ukipumzika ndiyo inayowatia watu hasara, kwa sababu kila fundi ana kifaa cha kukuuzia na kila kifaa kitaonekana kimeponya. Safari hii, ilipozima nilifungua kifuniko cha tangi palepale. "Fyuuu!" Hewa ikaingia kwa pupa. Kitundu cha kupumulia kwenye kifuniko kilikuwa kimezibwa na tope la nyigu. Mafuta yakishuka na hewa isiingie kushika nafasi yake, yanagoma kushuka. Mwiba wa mchungwa ukamaliza kazi.

Kutoka Segera hadi Korogwe ni mkonge kulia na kushoto, na injini ilikuwa inaimba. Indiketa na honi ndizo zilizokufa. Taa kubwa iliwaka, ila kwa pikipiki hii hiyo si habari, kwani inakula umeme wa magneti moja kwa moja: ukivuta resi inang'aa, ukiachia inafifia. Honi na indiketa zinategemea betri. Pale Korogwe kijana mmoja wa gereji aliitazama betri, hakuigusa, akatamka, "Imekufa hiyo, bro." Mzee aliyekuwa akiziba pancha pembeni akacheka. Nikamwamkia, akaitika marahaba, akaokota kipande cha waya. Upande mmoja akaugusisha kwenye hasi ya betri, upande wa pili kwenye chuma kitupu cha fremu. Nikabonyeza honi, ikalia hadi kuku wakatawanyika. Betri ilikuwa nzima. Kilichooza ni mahali waya wa ethi unapofungwa kwenye fremu: chini ya bolti palikuwa na unga wa kijani. Tukakwangua, tukakaza, tukapaka grisi. Mzee akakataa hela, akakubali soda.

Barabara ya Mombo kwenda Soni imechongwa ubavuni mwa mlima, kona juu ya kona, na mabasi yanashuka yakipiga honi kila kona. Hapo ndipo injini moto na mzigo vinapokutana. Ikaanza kukohoa, ikarusha mlio kwenye ekzosi, ikapoteza nguvu gia ya pili. Nikasimama penye kivuli, nikatoa plagi: nyeusi, masizi makavu. Maana yake mafuta mengi, hewa kidogo. Eya klina ilikuwa imejaa vumbi, na kadiri unavyopanda hewa nayo inazidi kuwa nyepesi. Nikaikung'uta, nikasugua plagi, nikaendelea. Ikawa afadhali, haijapona.

Nikasimama tena, nikatoa plagi, nikairudisha kwenye kofia yake, nikailaza juu ya chuma cha injini, nikapiga kiki. Cheche ilikuja ya njano, dhaifu. Nzuri huwa ya buluu na inasikika ikipasuka. Kwa hiyo sasa ni umeme. Nikafungua upande wa magneti nikachungulia pointi, vile visahani viwili vinavyokutana na kuachana. Vilikuwa vimeungua, kimoja kina kichuguu, kingine kina shimo, dalili kwamba kondensa inachoka. Kondensa haitengenezwi barabarani. Nikasugua pointi kwa msasa, nikapima mwanya wake kwa kipande cha boksi la sigara, kwani inatakiwa kama milimita 0.35 na karatasi ile haiko mbali na hapo. Dereva wa bodaboda akasimama kunitazama. "Kaka, nunua yenye sidiai, haina hayo mambo." Kweli haina. Lakini sidiai, kile kisanduku cha cheche kisicho na pointi, ikifa hapo mlimani, huna cha kusugua.

Nikapita Soni na maporomoko yake taratibu, nikiipumzisha injini kila ilipoanza kukohoa, na kabla ya magharibi nikaingia Lushoto.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Usizime." Akainama, akasikiliza. "Pointi umezisugua na nini?"

"Msasa."

"Chembe za msasa zinabaki katikati." Akazima, akachovya kipande cha kadi ngumu kwenye petroli, akakipitisha kati ya visahani mara kadhaa mpaka kikatoka safi. Kondensa alikuwa nayo, mpya, ndani ya kopo la maziwa ya unga pamoja na vifungo vya shati. Akaifunga bila kuuliza spana namba ngapi. Kiki moja ikaitika. Akapanda, akaniachia begi langu barazani, akaenda zake sokoni kuwaonyesha wenzake.