Ufunguo wa Stoo ya Dawa Anakaa Nao Nani?



Juzi usiku, hapa London, kwenye simu yangu uliingia ujumbe wa kijana wetu mmoja, tabibu katika zahanati huko kwetu. "Shikamoo shangazi. Nitafutie masters yoyote ya afya huko, hata ya uongozi. Nimechoka na zahanati, najaza MTUHA mpaka vidole vinauma." Marahaba, mwanangu. Usiku ule nilikujibu kwa mistari miwili kwa sababu nilikuwa nimekasirika. Leo nakujibu kwa kirefu, tena mbele za watu, maana najua wenzako wenye mawazo kama yako wamejaa kila wilaya.

Kutaka kusoma hakujaniudhi hata kidogo. Soma, soma sana. Nimeudhika kwa sababu unakimbia zahanati na MTUHA, yaani madaftari ya takwimu za kituo, na hayo huku ndiyo yatakayokufungulia mlango.

Watu wengi nyumbani wakisikia mtu amekwenda Ulaya, kama mimi, kusomea usimamizi wa afya ya kimataifa hudhani tunashinda maabara. Wengine hudhani tunafundishwa kuwa wakubwa. Tunachosoma ni bajeti, takwimu za magonjwa, mgawanyo wa watumishi, bima, na safari ya dawa kutoka kiwandani mpaka mkononi mwa mgonjwa. Uingereza shahada yenyewe ni ya mwaka mmoja, na mwaka huo hauna pumzi: mihadhara, makala za kusoma, kazi za vikundi, na mwishoni tasnifu.

Sasa sikiliza jambo hili. Katika somo la mnyororo wa ugavi, mwenzetu kutoka Malawi aliwasilisha mchoro mzuri sana wa jinsi dawa zinavyosambazwa nchini kwake, mishale ya kila rangi. Mwalimu akautazama, akauliza swali moja: "Ufunguo wa stoo ya kituo anakaa nao nani, na siku akienda semina inakuwaje?" Darasa zima kimya. Daktari wa London hakuwa na jibu, mchumi wa Toronto hakuwa na jibu. Aliyejibu ni muuguzi kutoka Ghana aliyewahi kuwa mfawidhi wa kituo cha kijijini. Alieleza kwamba mwenye ufunguo akisafiri dawa za malaria hubaki ndani, mgonjwa hupelekwa duka la dawa, na mwisho wa mwezi ripoti huonyesha kituo hakikupungukiwa kitu. Nusu saa iliyobaki ya kipindi ilikuwa yake. Watu walikuwa wanaandika.

Huku wanakuuliza umesimamia nini. Sisi nyumbani tunaulizana una cheti gani.

Na cha kuumiza zaidi ni kwamba mifano yao bora wameitoa kwetu Tanzania. Rufiji, kwa mfano. Katikati ya miaka ya 1990 Wizara yetu ya Afya, ikishirikiana na shirika la utafiti la Kanada liitwalo IDRC, ilianzisha mradi wa TEHIP katika wilaya mbili, Rufiji na Morogoro Vijijini. Wadadisi walipita nyumba hadi nyumba wakiuliza nani amefariki, akiwa na umri gani, kwa dalili zipi. Majibu yakawekwa kando ya bajeti ya wilaya. Morogoro ikaonekana malaria ilikuwa inachukua karibu asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, lakini katika bajeti ya 1996 ilitengewa asilimia 5 tu. Haikuhitajika mwizi ili hali hiyo itokee. Ilitosha kwamba hakuna aliyeziweka tarakimu hizo mbili kwenye ukurasa mmoja.

Timu za wilaya zilipewa nafasi ya kuongeza mpaka dola 2 kwa kila mkazi kwa mwaka, na zikaweza kutumia kama senti 80 hivi. Fedha ilielekezwa kule vifo vilikokuwa: vyandarua, na utaratibu mmoja wa kumchunguza na kumtibu mtoto mgonjwa badala ya kushika homa peke yake na kuhara peke yake. Katika muda wa miaka kama mitano vifo vya watoto wadogo vilishuka kwa zaidi ya asilimia 40. Kazi hiyo ilifanywa na Watanzania, matabibu na wauguzi wenye ujuzi kama wako, mwanangu. Huku inafundishwa kwa watu waliovuka bahari kuja kuisoma. Wewe uliye mwendo wa basi kutoka Rufiji, kuna mtu aliwahi kukusimulia?

Nikipita mtaa wa Keppel, ilipo London School of Hygiene and Tropical Medicine, huwa nasimama kuangalia roshani zake. Zimepambwa kwa wadudu na wanyama waliopakwa rangi ya dhahabu: mbu, kiroboto, mbung'o, hata panya. Shule hiyo ilianza mwaka 1899 bandarini, chini ya Patrick Manson, kufundisha madaktari waliokuwa wanapelekwa makoloni. Maradhi yetu yamekuwa elimu ya watu kwa zaidi ya karne moja. Basi angalau sisi tunaoishi nayo tuyaandike vizuri.

Lakini tunafanya nini? Nyumbani leja ya dawa hujazwa mkaguzi akiwa njiani. MTUHA inajazwa kwa mkupuo mwisho wa robo, kijana mmoja akisoma na mwingine akiandika, tarakimu zikilingana kupita kiasi. Mfawidhi mzuri, ambaye kituo chake hakijawahi kukosa dawa mseto ya malaria mwaka mzima, hatumjui jina. Tunamjua yule mwenye shahada mbili anayeketi meza ya mbele kwenye kila semina na kusaini posho. Nawapenda sana ndugu zangu, na ukarimu wenu kwa wagonjwa haupo huku, ambako mtu hulazwa wiki nzima bila jirani kumletea hata uji. Ila kwa hili la kuthamini karatasi kuliko kazi, tunajiumiza wenyewe.

Haya, mwanangu, ushauri uliouomba huu hapa. Usimlipe dalali yeyote. Kuomba Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, ni bure, na unajaza mwenyewe mtandaoni. Maombi kwa kawaida hufunguliwa Agosti, mwaka mmoja kabla ya kusafiri, na unachagua kozi tatu. Wanataka uzoefu wa kazi usiopungua miaka miwili, na ukimaliza unatakiwa kurudi nyumbani kwa miaka miwili, kwa hiyo kama nia yako ni kuhama, usipoteze muda wao. Ujerumani nayo ina DAAD, yenye ufadhili kwa kozi za maendeleo zikiwemo za afya, nao pia huuliza uzoefu wa miaka miwili. Ukija Uingereza utapimwa kifua kikuu kabla ya viza. Utalipa ada ya huduma za afya, ambayo kwa mwanafunzi ni pauni 776 kwa mwaka tangu 2024. Mwaka huohuo walifunga mlango kwa familia: anayesoma masters ya darasani kwa kawaida haji tena na mke wala watoto. Zungumza na mkeo kabla ya kuzungumza na chuo. Muhula ukiendelea unaruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki, na usidanganywe na mtu kwamba saa hizo zitalipa karo. Jifunze kutumia Excel vizuri ungali huko. Na usidhani elimu iko Ulaya tu: Butaro, kaskazini mwa Rwanda, kuna University of Global Health Equity iliyoanzishwa 2015, Muhimbili ipo, Makerere ipo, Mzumbe inafundisha usimamizi wa mifumo ya afya.

Kwenye barua yako ya maombi usiandike kwamba tangu utotoni ulitamani kuisaidia jamii. Kila mtu ameandika hivyo. Andika dawa gani iliisha kituoni kwako, kwa siku ngapi, kwa nini, na wewe ulifanya nini. Kama huwezi kujibu, bado una kazi hapo zahanati, na majibu yamo kwenye madaftari unayoyachukia. Nitumie leja ya miezi sita iliyopita, bila majina ya wagonjwa, tuipitie pamoja kwa simu.

Neno langu la mwisho ni kwenu waganga wakuu wa wilaya na makatibu wa afya. Vijana wanakosa nafasi kwa sababu barua zenu za udhamini huchelewa, au huja na maneno yaleyale matatu: mchapakazi, mwaminifu, mnyenyekevu. Kamati ya ufadhili haiwezi kumpa mtu nafasi kwa maneno hayo. Andikeni alichokifanya, kwa tarakimu. Kama kuna kijana aliyekuomba barua na faili lake bado liko mezani, tafadhali mwandikie wiki hii.