Ushoroba wa Jukskei

Kiswahili hakijaamua bado kiiite nini ile njia ya miguu na baiskeli inayofuata mto na kuunganisha bustani za mitaa jirani. Nimelijaribu "njia ya kijani", likanipwaya, kwa kuwa laweza kuwa jina la njia yoyote iliyoota majani. Nimejaribu pia "kijia cha kando ya mto", lakini hicho kipo tayari, kimekanyagwa na miguu ya watu ambao hakuna aliyewauliza lolote. Neno ninalolipendelea ni ushoroba. Wahifadhi wa Tanzania walilitoa ndani ya nyumba, lilikokuwa jina la njia nyembamba baina ya vyumba, wakampa tembo apate kupita baina ya hifadhi na hifadhi. Ushoroba wa nyumbani hauna mwenyewe. Kila mwenye chumba hupita hapo, na mgeni pia, na mtoto anayekimbia bafuni usiku.

Ninaishi Observatory, mashariki ya katikati ya Johannesburg, juu ya kilima cha mawe ambako mwaka 1903 serikali ya kikoloni ilianzisha kituo cha kupima hali ya hewa. Kituo kikageuka kuwa cha kutazama nyota, na mwaka 1915 Robert Innes alitangaza kuigundua Proxima Centauri, nyota iliyo karibu kuliko zote na jua letu. Mtaa ulichukua jina la kituo, na nadhani sisi wakazi tulichukua tabia yake: kutazama mbali hatuna shida, ila kutazama chini bondeni hutupa taabu.

Huko chini ndiko uliko Jukskei. Jina lake ni la Kiafrikana, nalo ni la kile kijiti cha nira kinachozuia shingo ya ng'ombe. Mto huu huzaliwa chini ya lami, karibu na uwanja wa Ellis Park, hupita gizani katika mifereji ya saruji, na kuliona jua Lorentzville, jirani na Victoria Yards, ambako kikundi cha Water for the Future kimekuwa kikishughulika na kingo zake. Kisha hupitia bonde la Bezuidenhout hadi Bruma. Hapo, miaka ya 1980, palitengenezwa ziwa la kupendezesha mji. Majitaka na takataka vikalishinda, na mwishowe likaondolewa. Baadaye Gillooly's, Alexandra, mto Crocodile, Hartbeespoort, Limpopo, na bahari karibu na Xai-Xai.

Bahari hiyo ni yetu. Safu ya Witwatersrand huyagawa maji ya mvua: yanayoangukia kusini huenda Vaal na hatimaye Atlantiki, yanayoangukia kaskazini hushuka Bahari ya Hindi. Huko Mapungubwe, Limpopo inapokutana na Shashe, zimefukuliwa shanga za kioo zilizopandishwa kutoka pwani, katika enzi ambapo dhahabu ya bara ilitafuta njia ya kufika Sofala na masultani wa Kilwa wakapata utajiri kwayo. Basi Mswahili wa Observatory hayuko mbali na pwani kama anavyojililia. Maji yake ya kufulia, Mungu atusamehe, yanaelekea huko.

Juu ya ramani kazi ni nyepesi. Chora mstari kutoka Lorentzville, upitishe Bezuidenhout Park, penye nyumba ya shambani ya kale na makaburi ya familia iliyoipa bonde jina lake, uufikishe Bruma na Gillooly's. Pembeni yake utaorodhesha Yeoville, Observatory, Kensington na Cyrildene ya Wachina. Lakini wapangaji wa zama za ubaguzi wa rangi nao walipenda mito. Mto, kilima, reli na uwanja mtupu vilikuwa mipaka ya bei rahisi. Havikuhitaji hata askari. Kuugeuza mpaka kuwa ushoroba kunahitaji kitu zaidi ya kokoto na mabenchi.

Mto, zaidi ya hayo, hauna subira. Tarehe 9 Novemba 2016 ulifurika ghafla, ukazamisha magari barabarani karibu na Gillooly's na kubomoa vibanda Alexandra. Tarehe 3 Desemba 2022 waumini waliokuwa katika ibada ukingoni walichukuliwa na maji, na zaidi ya watu 10 wakafa. Sijaona mchoro wa njia ya namna hii ambao umetenga mahali salama pa wale wavaao kanzu nyeupe wanaouendea mto kama madhabahu. Wakimbiaji hutengewa mahali siku zote.

Nilikulia Dar es Salaam, na jambo moja la mito ya mijini nalijua bila kufundishwa. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, watu wa bonde la Msimbazi walihamishiwa Mabwepande, mbali na soko, mbali na vibarua vyao. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha fedha za mradi wa bonde hilo, na miongoni mwa ahadi zake ni bustani kubwa ya jiji. Nairobi, mwaka 2024, mafuriko yalifuatwa na amri ya kuhama kwa waliojenga ndani ya mita 30 kutoka mtoni, na tingatinga zikaingia Mathare. Siwezi kusema kwamba ni salama kuishi mahali ambapo maji huingia usiku. Ninachosema ni kwamba neno "ukingo", likishapakwa rangi ya kijani katika ramani, hupata nguvu ya kufukuza ambayo halikuwa nayo.

Kwa hiyo ningeanza na vivuko kabla ya njia yenyewe. Katika mtaa huu, mwaka 2008, mpango wa Three2Six katika Sacred Heart College ulianza kuwafundisha watoto wa wakimbizi kuanzia saa 9 alasiri hadi saa 12 jioni. Wengi wazazi wao wametoka Kongo, na Kiswahili husikika miongoni mwao. Familia kama hizo haja yao si kutembea kilomita 10 kandokando ya maji. Wanataka kulikata bonde, kutoka chumba cha kupanga hadi sokoni Rockey Street, jua likiwa limezama, na kufika.

Katika mkutano mmoja wa wakazi niliohudhuria, mazungumzo yalikwama muda mrefu kwenye uzio: urefu wake, mageti, saa za kufunga. Nyuma kabisa alikaa mzee wa Lubumbashi, amevaa koti zito. Alisubiri hadi alipopewa nafasi, akasema kwa Kiswahili cha kwao, "Na bale banalalaka kule chini ya daraja, batabapeleka wapi?"

Mwandishi wa kumbukumbu, binti mwenye adabu, aliomba arudie ili apate kuandika. Mzee akarudia, safari hii kwa Kifaransa. Nikainuka kutafsiri. "Papa anauliza," nilianza kwa Kiingereza, na ilinibidi nichague kama neno lake la mwisho litakuwa "watahamishiwa" au "watapelekwa". Nikachagua la pili, kwa sababu ndilo alilosema. Binti aliliandika chini ya kichwa cha Mengineyo, baada ya taa za barabarani.