Masuku ya Luano

Leo ukitaja Luano mjini Lubumbashi, mtu anafikiria uwanja wa ndege. Sisi tuliokulia upande ule enzi za Zaire, masuku, matunda ya porini, ndiyo yaliyotujia kwanza.

Mvua za kwanza zikishanyesha, vumbi jekundu la njia ya Kasenga likalala, mama zetu waliingia chini ya miti ya miputu na mitondo, vitunga kichwani na watoto mgongoni, wakirudi jioni na bowa, uyoga wa manjano unaonukia udongo mbichi, masuku yaliyoiva hadi ganda lake la kahawia linapasuka kwa kidole, na mizizi ya munkoyo, ile inayopondwa na kutiwa katika uji wa mahindi uliopoa kidogo, nao uji mzito unakuwa mwepesi na mtamu wenyewe, bila chembe ya sukari.

Siku hizi munkoyo ni wa chupa za plastiki. Sukari wanaongeza.

Kikanda nacho kilipondwa pamoja na karanga, kikapikwa hadi kikakatika vipande kama nyama, na wageni wasiokijua waliapa wamekula soseji. Ni viazi vya okidi za mabondeni, na anayechimba kiazi amemaliza mmea. Zambia wanakipenda kuliko sisi: hamu yao ilifika hadi nyanda za Kitulo, kusini mwa Tanzania, ambako okidi zilichimbwa kwa magunia hadi serikali ikapafanya hifadhi ya taifa mwaka 2005.

Kuhusu dawa za porini, sioni haja ya kulia sana. Nkambo, mzee wetu, alichemsha majani ya kongobololo, akapima kwa kiganja, tukaziba pua na kumeza uchungu ule uliokaa ulimini hadi usiku. Alijua mengi. Lakini wapo watoto waliokufa kwa malaria chungu kikiwa bado jikoni. Leo kituo cha afya kinatoa vidonge kwa uzito wa mtoto. Hapo sibishani na mtu.

Bowa ndio unaoniuma. Profesa François Malaisse, aliyelichunguza pori la Luano kwa miaka mingi na kuandika kitabu kizima juu ya vyakula vya misitu ya aina hii, kilichotoka 1997, alikuta humo chakula kingi ambacho wasomi wa mjini walikipita bila kukitazama. Bowa ule wa manjano huishi kwa kushikamana na mizizi ya miputu na mitondo. Miti hiyohiyo ndiyo inayotoa makaa mazuri. Ikikatwa, bowa hauoti tena, hata mvua inyeshe namna gani. Na tusiwalaumu watu wa kinga, yaani baiskeli, wanaosukuma magunia alfajiri: umeme ukikatika, nyumba gani haina mbabula, jiko la makaa?

Masuku hayajapotea. Yanaletwa soko la Kenya, mtaa wa hapahapa Lubumbashi, kutoka mbali, kwa bei, na mama anayeyauza analipa karo ya shule kwa tunda tulilookota bure. Watafiti wa Malawi na Zambia wamejaribu kupandikiza musuku, mti wa masuku, ukazaa katika miaka michache, badala ya kungoja kumi na zaidi. Mche huo ungefaa Luano. Ila parseli, yaani viwanja, za huku ni ndogo, na kila mwenye nyumba anataka kupanda embe na avoka kwanza.