191 ya kila mtu

Leo tunaongea kompyuta, lakini msikimbie. Habari hii inatuhusu sisi watu wa zoni, bloki na namba ya nyumba.

Kikundi chetu kina laptopu moja ya kushirikiana. Ndani yake tumeweka Hercules, programu inayoigiza meinifremu, zile kompyuta kubwa zinazotumiwa na mabenki. Juu yake tunaendesha VM/370, mfumo ambao IBM iliutangaza mwaka 1972. Umri wake ni kama wa wazazi wetu, lakini kwa kujifunzia unatosha kabisa.

Kazi ya VM ni kuigawa kompyuta moja ionekane nyingi. Kila mtumiaji anapata mashine pepe, yaani mashine anayoiona kama yake peke yake: diski zake, printa yake, kisoma kadi chake. Anayegawa ni programu ya chini inayoitwa CP. Na kila kifaa kina anwani. Kwa kawaida konsoli ni 009, kisoma kadi ni 00C, printa ni 00E, na diski ya kuwekea kazi zako ni 191.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Wawili wetu waliingia kwa majina tofauti, kila mmoja akaandika QUERY VIRTUAL DASD. Wote wakajibiwa wana diski 191. Mmoja akaweka faili kwenye 191, mwingine akaitafuta kwenye 191, hola. Kwani kuna 191 ngapi?

Jibu ni hili: ziko nyingi kama walivyo watumiaji. 191 ni anwani ya ndani. Inasomeka kwenye mashine pepe yako tu. Kule chini diski halisi ina namba yake nyingine, na mara nyingi wewe umepewa kipande chake tu, tuseme silinda kumi. Mashine yako inaamini silinda yake ya kwanza ni namba 0, kumbe kwenye diski halisi huenda ni ya 250. Kila ukisoma au kuandika, CP inabadilisha hesabu hizo kimyakimya.

CP inajuaje? Ina daftari. Kila mtumiaji ameandikwa humo: jina lake, neno lake la siri, na kila anwani yake ya ndani inaelekea diski ipi, kuanzia silinda ipi. Ukitaka kuona diski ya mwenzako, unaomba kwa amri ya LINK, na unaipa namba unayotaka wewe. Diski ambayo kwa Neema ni 191, kwako inaweza kuwa 195. Kitu ni kilekile, majina mawili, na hakuna anayedanganya.

Mambo haya hayajazeeka. Kwenye z/VM ya leo anwani zina tarakimu nne badala ya tatu, na Linux ikiendeshwa humo inaiona diski hiyo kama 0.0.0191. Msimamizi akihamisha yaliyomo kwenda diski nyingine, anarekebisha mstari mmoja tu wa daftari. Mtumiaji akirudi anakuta 191 yake palepale. Hajui kama alihamishwa.

Tuliposoma hapo tulinyamaza kidogo.

Maana mwaka jana baadhi ya wenzetu walihamishwa bloki. Namba ya nyumba ikabadilika, na aliyekuwa jirani akawa mbali. Mmoja wao alikuwa ameomba nafasi ya mafunzo. Ofisi iliyohusika ikapeleka barua kwenye bloki ya zamani. Mpaka barua inamfikia, nafasi alishapewa mwingine. Yeye hakupotea hata siku moja, alikuwepo, anachota maji kama sisi wote. Kilichokosekana ni mtu wa kurekebisha mstari mmoja.

Basi tukaamua tusilalamike tu. Tumenunua daftari, la karatasi kabisa. Kila mwanachama ana namba ya kikundi ambayo haitabadilika hata akihama mara tano. Pembeni tunaandika anapopatikana sasa: bloki, simu, au simu ya jirani. Kwenye fomu tunaandika namba hiyo pamoja na simu ya kikundi. Ujumbe ukija, mwenye zamu anafungua daftari na kumtafuta mtu huko aliko. Sisi ndio CP yetu wenyewe.

Lakini tuseme ukweli, njia hii ina hatari yake. Mstari ukikosewa, CP itakupeleka kwenye diski ya mtu mwingine bila kusita, na daftari letu litafanya hivyohivyo. Pia daftari lenye simu za watu si la kuachwa mezani. Kwa hiyo linakaa kwa mmoja tuliyemchagua, na kila Jumamosi tunalipitia jina kwa jina.

Kama umehama na hujatuambia, tuambie wiki hii. Na kama unataka kuiona 191 yako mwenyewe kwenye VM/370, njoo Jumamosi baada ya daftari. Laptopu ni moja, tutapeana zamu.